Nambari ya Kusoma Mbele

Shefu wetu, mkuu wa ofisi, nilimchukia tangu siku aliyoniita mbele ya watu, mimi fundi wa kompyuta, eti fundi wa kupangusa vumbi. Basi aliponiomba nywila ya mashine ili aiongezee nguvu, nikampa. Nikasema moyoni, leo atakiona cha mtema kuni.

Ofisi yetu hapa Rumonge ilihifadhi picha za karatasi za wakimbizi waliorudi Burundi kutoka Tanzania, zote ndani ya faili moja kubwa, kwenye diski kuukuu. Kiini cha mfumo wa kompyuta, kile kinachoiamrisha diski, kina tabia ya kusoma mbele: ukiomba ukurasa mmoja, kinabeba na zinazofuata, kikidhani utazitaka. Kiasi cha kubeba kinawekwa kwa nambari moja tu. Shefu aliipandisha mara mia, akafungua faili mwanzo hadi mwisho mbele ya wageni, kurasa zikatiririka. Wakampigia makofi, mjinga yule.

Nani hapa kwetu analisoma faili lile mwanzo hadi mwisho? Karatasi zilipangwa kwa msafara uliomleta mtu. Baba alirudi na msafara huu, mtoto na ule, shangazi miaka mingi baadaye. Ukitafuta ukoo mmoja unaruka huku na huku, na kila ukiruka diski inakokota mzigo wa watu usiowataka. Ni kama kumwomba muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale Gitaza sahani moja, akakuburutia magunia yote ya ufukweni.

Asubuhi moja akaja mama mzee kutoka Kigwena. Watu wa mashamba, waamuzi wa kesi za ardhi waliotoka mjini, walikuwa barazani kwetu, wanaondoka saa sita. Bila karatasi za baba yake na kaka zake wawili, michikichi ya baba ingebaki kwa jirani.

Nikaanza kutafuta. Mashine ikaganda.

"Hiyo mashini iko inalala," shefu alifoka. "Wewe umeiharibu!"

"Shefu, ni ile nambari yako. Iko kubwa sana. Tuirudishe chini."

"Mimi niko na diplome. Wewe uko na mudomo tu!"

Nikakunja mikono. Amri ya kuirudisha nilikuwa naijua kwa kichwa, mstari mmoja tu. Lakini nilitaka aniombe, tena aniombe mbele ya watu.

"Mwanangu, bado?" mama aliuliza.

"Bado, mama."

Nilimjibu hivyo mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa namtazama shefu.

Saa sita gari la watu wa mashamba likawashwa, likaondoka. Mama akasimama, akajifunga kanga yake upya, akanipa mkono.

"Murakoze, asante mwanangu. Umejitahidi."

Shefu akaenda kula. Ndipo nikaandika ule mstari. Karatasi zote tatu zikatoka kwenye printa mama akiwa bado ng'ambo ya barabara, anatafuta pikipiki ya kurudi Kigwena. Nilimwona dirishani, karatasi zake zikiwa mkononi mwangu bado zina joto. Sikuthubutu kumwita.