Jeneza la Ruzuku

Mimi nimewahi kulazwa kwenye jeneza nikiwa mzima wa afya, mchana kweupe, kwa fedha za serikali.

Najua unacheka. Ngoja nikusimulie.

Shangazi yangu ndiye pekee aliyebaki kwetu anayezijua nyimbo za kuaga maiti. Zamani hakuna aliyezikwa bila yeye kuitwa. Siku hizi watu wanakodi spika, mambo yanaisha.

Basi serikali ikatenga ruzuku ya kuhifadhi nyimbo za kale. Afisa utamaduni akaja nyumbani, kijana mstaarabu, akamwomba Shangazi arekodiwe kabla nyimbo hazijapotea naye. Shangazi akakubali.

Tukafika ukumbini. Maikrofoni zimepangwa, kamera tayari. Shangazi akakaa kitini, akaangaza macho huku na huku.

"Mama, tunaweza kuanza," afisa akamwambia.

"Maiti yuko wapi?"

Afisa akadhani ni utani. Shangazi akamweleza taratibu kwamba wimbo ule hauimbiwi ukuta. Lazima mtu awe amelala mbele yake, na lazima amtaje kwa jina.

Afisa akanivuta pembeni. Mwaka wa fedha unafungwa, akasema, na ruzuku isipotumika inarudi hazina. Wakaazima jeneza kwa seremala wa jirani, kisha wote wakanitazama mimi.

Nikaingia. Sikuona sababu ya kukataa. Ndani kulinuka vanishi mbichi.

Shangazi akaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea peke yake jikoni. Nikasubiri jina langu.

Halikuja.

Akataja jina la mwanawe.

Binamu yangu huyo alikwenda kutafuta maisha nchi za watu, akapotelea huko. Si simu, si salamu. Miaka ikapita. Ndugu walipomshauri Shangazi waweke msiba, watu walie yaishe, aliwafukuza. Mwanawe yuko hai, alisema. Na chumba chake aliendelea kukifagia kila asubuhi.

Sasa nilikuwa nimelala mahali pake, namsikia mama yake akimuaga. Akaimba jinsi mwanawe alivyotembea mapema utotoni, alivyoogopa radi, alivyogombania ukoko wa sufuria. Nilitaka kulia, machozi yakagoma. Nikabaki nakodolea macho ubao wa ubavuni.

Alipomaliza, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Tuliporudi nyumbani, Shangazi akaingia chumba cha mwanawe. Akakitoa kile kitanda cha binamu, akampa jirani. Chumbani akaweka magunia ya mkaa.

Wimbo ukarushwa redioni, ukasambaa mitandaoni. Watu wakausifu mradi.

Asubuhi moja nikiwa nafua uani, geti likagongwa. Nikafungua.

Alikuwa binamu. Amekonda, mvi zimeanza kumwota.

"Nimesikia msiba wangu kwenye simu ya mtu kazini," akaniambia. "Nikaona nije."

Akanieleza, bila hata kuulizwa, kwamba mambo yalimwendea kombo huko. Akaona aibu kupiga simu hana kitu. Akaahirisha, akaahirisha tena, mwisho ikawa ndiyo mazoea.

Shangazi akatoka jikoni, akasimama mlangoni. Hakulia. Hakucheka. Akamwekea kiti, akampakulia chakula, akakaa mbele yake akimtazama anavyotafuna.

"Mama, nisamehe."

"Kula, baba," alisema. "Mimi nilishakuimba. Wimbo wa kumrudisha mtu sikufundishwa."

Wanaishi pamoja mpaka leo. Shangazi anampikia, anamfulia, hajawahi kumkaripia. Binamu analala sebuleni, mkaa umebaki chumbani. Na akitaka kumwagiza kitu, Shangazi humwita "mgeni". Jina lake halitamki.

Wewe uliye mbali, ambaye mambo bado hayajakunyookea, piga simu hivyo hivyo ulivyo. Usisubiri mpaka upate.

Siku mama yako akikubali kwamba umekufa, hata wewe mwenyewe hutaweza kumbishia.