Wastani wa Hisabati

Mwalimu wa hisabati hakumwogopa mkaguzi. Aliogopa siku ya matokeo, wazazi wanapobanana kwenye madawati ya watoto wao na kila mwalimu anaposimama kutaja wastani wa somo lake. Safari hii mama mkwe wake alikaa safu ya mbele, kwa kuwa mjukuu wake alisoma darasa alilolifundisha.

Kabla ya kikao mwalimu mkuu alimnong'oneza, "Taja wastani wa waliofaulu tu, yaishe."

Alisimama. "Ishirini na nane kwa mia," akasema. "Darasa zima."

"Mkwe, hebu rudia," mama mkwe akasema, ingawa alikuwa karibu kuliko wote.

Akarudia.

"Hizo alama ni za watoto au za mwalimu?" fundi magari mmoja akauliza, watu wakacheka.

"Na zangu pia," akajibu.

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti wa wazazi akawaomba wanaotaka mwalimu abadilishwe wanyooshe mikono. Mwalimu akainamisha macho. Alipoyainua, mkono wa mama mkwe ulikuwa juu peke yake, na wazazi wengine, mmoja mmoja, wakaanza kumfuata.