Kiti cha Nyuma Kwenye Dakota

"Nilipokuwa na magoti hukuniona. Leo yamekwisha, ndiyo unaniletea ndege?"

Priska alisema hayo huku akipepeta karanga, bila kumtazama mumewe. Stanley alikuwa amesimama mlangoni na habari yake tamu mdomoni, inaanza kupoa.

"Mama Anitha, ni Dakota, zile za zamani nilizokuwa nikitengeneza. Zinazoruka bado, dunia nzima, ni za kutafuta kwa tochi. Wenyewe wanazunguka nayo Afrika, kesho wanatua hapa Dodoma kujaza mafuta. Hamidu, siku hizi yuko pale uwanjani, ametuombea mzunguko mmoja. Mimi na wewe."

"Mwanafunzi wako amenikumbuka. Wewe je?"

Jibu Stanley alikuwa nalo, na halikuwa zuri. Alipokwenda kumposa kwao Mvumi, fundi kijana wa injini, ovaroli imenyooshwa kwa pasi, alimwahidi kumpandisha Dakota, wakae wawili dirishani, amwonyeshe kwao kutoka juu. Shirika la ndege alilofanyia kazi lilitoa tiketi moja ya bure kila mwaka kwa familia ya fundi. Ya kwanza alipewa mama yake Stanley, aende Dar kutibiwa macho. Iliyofuata, shemeji. Kisha mzee wa kanisa, na nani atamnyima mzee wa kanisa? Mke yupo nyumbani, atapanda mwakani. Mwakani ikafika, shirika likafa, Dakota zikauzwa, Stanley akaishia Kizota kutengeneza mashine za kusaga. Priska akalima karanga. Ikipita ndege yoyote, mume alitoka nje na tonge mkononi, mke akabaki na chakula mezani. Wapo wanawake waliogombana na mke mwenza mwenye miguu. Wa kwake alikuwa na mabawa.

Lakini kesho yake alivaa kitenge kipya. Hasira ni hasira, na ndege ni ndege.

"Uliniahidi kukaa pamoja," alimwambia njiani. "Si kupanda tu."

"Tutakaa pamoja."

Dakota ilikuwa uwanjani, pua juu, mkia chini, kama mbwa aliyeketi. Hamidu, naye sasa ana mvi, akawapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii ndiyo iliyonilia ujana?"

Ngazi alipanda. Ndani ndiko alikokwama: sakafu ilikwea kuelekea mbele kama njia ya mlimani. Magoti yakagoma. Akaketi kiti cha mwisho kabisa, kando ya mlango, na Stanley akaketi pembeni yake. Hata mkanda hajafunga, Hamidu akaja.

"Fundi, marubani wanakuita mbele, usikilize injini."

Stanley akamtazama mkewe. "Narudi sasa hivi." Akaikwea ile sakafu kama kijana.

Ndege ikakimbia, mkia ukainuka, sakafu ikalala sawa kama ya sebuleni. Sasa hata magoti yale yangeweza. Priska hakuinuka. Alitaka kuona kama mumewe atageuka. Chini yalipita mabati ya Kizota, reli, mashamba ya zabibu, halafu kwa mbali vilima vya Mvumi, vimekauka. Akanyoosha kidole kwenye kioo. Pembeni hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Stanley alikuwa amesimama kwenye mlango wa marubani, kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua.

Hakugeuka.

Walipotua alirudi akishikilia viti, macho mekundu. Alipofika kwenye kiti chake kitupu, akasimama.

"Nilisema narudi."

"Ulisema."

"Nimekosa, Mama Anitha. Nilisikia ule mlio, nikasahau nimekuja na nani."

Priska alikuwa na maneno, makali, ameyanoa tangu angani. Akaitazama ile mikono ya fundi, imeshazeeka. Ndege ilikuwa inaondoka mchana huohuo, na umri wao nao ulikuwa unaondoka. Amdai nini tena, na atalipa lini?

"Kupanda nimepanda," akasema. "Ile ya kukaa pamoja nimekusamehe. Nishike mkono, nishuke."