Majaribio ya Kipaza Sauti

Mama Viti hakodishi viti wala vipaza sauti kwa huruma. Ukija na msiba ukitaka kupunguziwa, atakupa pole kwanza, kisha atakutajia bei ileile. Ndivyo alivyojiinua tangu atoke kiwandani.

Kiwanda chenyewe ni kile cha nguo, kilichoungua na watu ndani mpaka bendera za nchi nzima zikashushwa nusu mlingoti. Yeye alikuwa mshonaji. Mlango wa nyuma ulikuwa na mnyororo na kufuli, amri ya meneja, eti wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Mdogo wake alifia hapo mlangoni. Yeye alipona kwa sababu mchomeleaji wa gereji ya jirani alikata nondo za dirisha huku mikono yake ikiungua.

Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, meneja huyo, ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati, husoma hotuba na kulaumu hitilafu ya umeme. Kila mwaka Mama Viti huapa kumuumbua, na kila mwaka huondoka kabla hotuba haijaisha. Safari hii aliiomba kamati kazi ya viti na vipaza sauti kwa bei ya kutupa.

"Wewe, kupunguza bei?" wifi yake aliuliza. "Unaumwa?"

"Nataka kula naye sahani moja."

"Yule ana mkono mrefu, wifi. Atakufungia kazi zote mjini."

"Afunge. Si ndiyo kazi anayoijua."

Siku ikafika, watu wakajaa. Mwenye vyombo lazima avijaribu kabla ya mgeni kusema, na hakuna anayemkataza. Mama Viti akashika kipaza sauti.

"Moja, mbili. Moja, mbili."

Matusi aliyoyafanyia mazoezi akifua yalimpotea. Ndipo alipomwona mchomeleaji nyuma kabisa, amesimama, kakosa kiti, mikono kaificha chini ya kofia.

"Majaribio," akasema. "Kaka yangu wa pale nyuma, ulinitoa dirishani na sijawahi kukushukuru mbele ya watu. Ahsante. Ulikata nondo kwa sababu mlango ulifungwa mnyororo. Aliyeamuru ufungwe ni huyu hapa, kakalia kiti changu."



"Zima hiyo," mwenyekiti akaamuru. Wifi, aliyekuwa kwenye jenereta, akajifanya kiziwi.

"Mama, tuheshimiane," mwenyekiti akamgeukia Mama Viti.

"Nyanyuka, baba. Kiti hicho kina mtu."

Mwenyekiti akanyanyuka, watu wakampisha mchomeleaji. Akaja kwa aibu, akakaa ukingoni kama anayeogopa kukichafua.

"Kaa vizuri, kaka," Mama Viti akamwambia. Kisha akamkabidhi mwenyekiti kipaza sauti. "Haya, hotuba. Anzia kwenye funguo. Alikuwa nazo nani?"

Mwenyekiti akakisogeza kipaza sauti mdomoni. Kilichosikika uwanjani ni pumzi zake tu, nzito, za kukatika.

Mama Viti akasogea kwenye mashine, akaongeza sauti.