Mzee Kyule anavyolifuata jua ili betri ya gari isife

Saa tatu asubuhi, jua linapenya kati ya ghorofa mbili na kuangukia kona ya plot moja mtaani Mowlem, Nairobi. Kyule Muindi analingoja akiwa amekumbatia paneli ya sola isiyozidi ukubwa wa mlango wa kabati. Mwanga unapogusa ardhi, anaiegemeza paneli kwenye matofali, anaifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, kisha anainama taratibu, mkono kiunoni, kusoma volti za betri kwenye kidude kilicho ndani ya gari.

"Kumi na mbili nukta moja," anasema, na kuketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Jana jioni niliiacha nukta tano. Usiku mmoja tu, tazama ilivyoshuka."

Gari lenyewe ni van kuukuu iliyogeuzwa nyumba. Ndani mna kitanda, jiko la gesi, friji ndogo na pampu ya maji. Wanaolikodi hulala humo wakienda kujiburudisha Naivasha au Samburu. Injini ina betri yake. Hii nyingine ni ya taa, friji na traka, ile mashine inayomwonyesha mwenye gari kwenye simu yake mahali gari lilipo. Betri hii ndiyo iliyomfunga Kyule hapa.

Ana umri wa miaka sitini na tatu. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha magari ya watalii, mpaka mgongo ukakataa. Miaka minne iliyopita, Celine, mwenye gari hili, alimpa kazi ya kulilinda, kuliosha na kuhakikisha betri haishuki. Analipwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi, pamoja na chumba cha mabati nyuma ya geti. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kukaa tu. Mwandishi huyu naye alidhani hivyo, kabla ya kushinda naye siku moja.

Plot haina umeme. Kuwasha injini hakusaidii, kwa kuwa injini inachaji betri yake yenyewe. Limebaki jua, nalo limekuwa la kugombaniwa. Zamani paneli ilikaa juu ya gari, ikaota jua toka asubuhi hadi jioni bila kusumbua mtu. Kisha mwenye plot ya jirani akaanza kujenga. Ghorofa ya tatu ilikula jua la jioni. Ya tano ikala la mchana. Sasa wako ya saba.

Kwa hiyo Kyule aliifungua paneli, akaiunganishia waya mrefu, na siku nzima anaihamisha kulifuata jua. Kona ya geti asubuhi. Kando ya choo mchana. Baadaye juu ya tangi la maji, ambako inabidi apande ngazi. Hata kamba ya nguo ikipitisha kivuli chake juu ya paneli, chaji inaanguka, naye anainuka tena.

"Mzae wa sola, niaje!" kijana mmoja wa mjengo anampigia kelele kutoka juu. "Leo unachunga jua wapi?"

"Shukeni nyinyi mnaoliiba!" Kyule anajibu. Wanacheka. Yeye hacheki sana.

Kabla ya jengo hilo kulikuwa na kosa lake mwenyewe, na hapendi kulisimulia. Anayelisimulia ni Ayuma, mama anayeuza mboga mbele ya geti, huku mikono yake ikiendelea kukatakata sukuma wiki.

"Muulize vile aliandika namba ya gari kwa sola," anasema Ayuma, kisha anamgeukia Kyule. "Baba Mbinya, ambia mgeni!"

Kyule anashusha pumzi. "Wewe unajua Nairobi. Kitu bila alama si chako. Saidi mira tunaandika namba, taa tunaandika, vioo tunaandika. Mimi nikanunua rangi nyeupe nikaandika namba ya gari kwa sola. Kubwa! Hata mwizi akiwa mbali asome."

"Uliiandika nyuma?" mwandishi anauliza.

"Mbele. Nyuma nani ataona?" Anatikisa kichwa. "Na niliandika vizuri. Nilitumia rula."

Hakuna aliyeiba sola. Lakini rangi ilifunika jua, na betri ikawa inashuka kidogo kidogo kwa majuma, naye akidhani ni mawingu ya Julai. Wateja walilichukua gari kwenda Naivasha. Usiku wa kwanza taa zilizima, asubuhi wakakuta nyama imeoza kwenye friji. Kufikia hapo betri ilikuwa imekufa kabisa. Celine alinunua nyingine ya mitumba, isiyoshika chaji vizuri, na kumwambia Kyule bila kufoka: ikifa tena, atalipeleka gari kwenye yadi yenye umeme, na kazi itakuwa imekwisha.

Kyule alikwangua rangi kwa wembe kwa siku nzima. Tangu hapo hajalala nje ya Mowlem hata siku moja. Kanisani haendi. Mazishi ya rafiki yake aliyeendesha naye magari ya watalii yalimpita. Kivuli cha jengo nacho hajamwambia Celine, kwa sababu anajua atakachofanya. Anaficha kwa kuhamisha paneli, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, na magoti yake ndiyo yanayolipia siri hiyo. Kwa kweli inachosha hata kumtazama.

Lakini juma hili siri imembana. Jumamosi, wakwe watarajiwa wanaleta mbuzi wa ntheo nyumbani kwake Makueni, kumchumbia kitinda mimba wake, Wayua. Kwa Wakamba, mbuzi hao wasipopokelewa, binti hahesabiwi kuwa ameolewa, hata awe na cheti cha kanisa. Na Jumapili alfajiri kuna wateja wanaolichukua gari. Friji lazima iwashwe Jumamosi ili iwe baridi. Bila mtu wa kuihamisha sola siku hiyo, betri hii haifiki Jumapili.

Ntheo ya binti wa kwanza, Mbinya, ilimkuta Maasai Mara na watalii. Mbuzi walipokelewa na ndugu yake, Kisilu.

"Mpaka leo wale wakwe wakinipigia simu wananiuliza, Mzee Kisilu anaendeleaje?" anasema. "Wakija nyumbani wanamsalimia yeye kwanza. Mimi wananiuliza barabara ilikuwaje, kama mgeni mwenzao." Anaipangusa paneli vumbi. "Inauma. Sitadanganya, inauma."

Alikuwa ameshaamua kumtuma Kisilu tena. Wayua alipiga simu juzi, akakata kabla baba hajamaliza kujieleza.

"Si umwambie huyo madam ukweli?" anauliza Ayuma. "Akikufuta kazi, kwani utakosa sukuma wiki? Hii yangu utakula mpaka uichukie."

"Nishaichukia," Kyule anasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anacheka kikweli.

Mchana, jua likiwa limehamia kando ya choo, anaiweka paneli sawa, anasoma namba, kisha anatoa simu. Anaweka sauti ya nje, kwa kuwa kelele za injini zimemharibia masikio.

"Mzee, gari liko sawa?" Celine anauliza.

"Gari liko sawa, madam. Ni mimi siko sawa." Anaeleza ntheo, anaeleza ghorofa, anaeleza tangi la maji na ngazi. Hana ustadi wa kupanga maneno. Kwanza anaanzia mwisho.

Celine anamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia jengo limeziba jua?"

"Ungehamisha gari."

"Ningehamisha, ndiyo." Anasikika akivuta pumzi. "Na umekuwa ukipanda ngazi na huo mgongo? Mzee, jamani. Sasa sikiliza. Enda Makueni. Jumamosi nitakuja mwenyewe nikae na hiyo sola, na Jumapili nitawapa wateja gari. Lakini siwezi kuliacha hapo tena. Mwisho wa mwezi nalitoa."

"Nimesikia, madam. Asante."

"Ukitaka barua ya kukusifu, nitakuandikia. Pole, Mzee."

Kyule anaiweka simu mfukoni. Ayuma ameshika kisu, hakati.

"Amesemaje?"

"Ameniruhusu," anasema. "Na amenifuta."

Ayuma anaweka kisu chini. Anafunga sukuma wiki na nyanya kwenye karatasi na kumpelekea bila kutaja bei.

Mwezi ukiisha, Kyule atakuwa hana mshahara wala chumba. Amesikia kuna yadi upande wa Njiru inayotafuta mlinzi, na atakwenda kuuliza akirudi. Hana haraka nayo. Jengo la jirani linaendelea kupanda, zege linamwagwa, na kivuli kimeshaanza kugusa ukingo wa paneli. Anainuka kwenda kuisogeza.

"Kazi nitatafuta nyingine, Mungu akipenda," anasema, akiiegemeza upya. "Jumamosi nataka wageni wakifika wanipate nimekaa mlangoni. Wakiuliza baba ya msichana ni nani, nisimame mimi."