Kitufe cha Ishirini na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Mama alisikia kwamba mwanawe Swaleh amepata kazi hotelini Nakasero, naye kwake hoteli ilikuwa hoteli, basi akanifunga tai ya marehemu baba mpaka nikashindwa kumeza mate. Fundi Mkuu wa Sauti aliponiona mlangoni alidhani mimi ni mgeni wa harusi, akanionyesha choo kilipo.

Fundi Mkuu alikuwa Mkenya mnene aliyekuja Kampala kupiga tarumbeta akabaki kutengeneza mitambo. Jioni ile alinikalisha mbele ya mikisa. Mikisa, kwa nyinyi ambao hamjaiona, ni ile meza ya vitufe ambayo sauti zote za jukwaani hupitia kabla hazijafika kwenye spika. Kila sauti ina kitufe chake cha kusukuma juu na chini: huyu mwimbaji, hili gita, ile ngoma. Mikisa yetu ilikuwa na vitufe ishirini na vinne, naye akanipa cha mwisho.

"Kijana, hii ni yako," aliniambia. "Ukumbi ukilala, unapandisha. Ukichangamka sana, unashusha. Na usiiwache hata mamako akikuita."

Nilipandisha na kushusha, harusi baada ya harusi. Bibi arusi akilia kwa furaha, najua ni mimi. Wageni wakinyanyuka kucheza, najua ni mimi. Nilifika mahali pa kuwaambia jamaa zangu kwamba Nakasero nzima hailali wala haiamki bila kidole changu. Halafu siku moja nikatumwa kufuta vumbi nyuma ya mikisa, nikaona vitufe vyote vina waya isipokuwa kimoja. Tundu la ishirini na nne lilikuwa na utando wa buibui, na buibui mwenyewe amenenepa.

Nilikwenda kwa Fundi Mkuu nikiwa nimevimba kwa hasira. Hakuacha hata kula.

"Sasa unalia nini? Kama ningekuambia, ungeacha kusikiliza. Masikio yako yamesoma, na mimi nimefanya kazi yangu kwa amani. Mpe mtu kitu cha kushika, Swaleh, ataacha kushika chako."

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaitumia hekima ile maisha yangu yote, na ninaapa hakuna chombo kilichonisaidia kuliko kitufe kisicho na waya. Nilipohamishiwa ukumbi mmoja wa upande wa Kyambogo, mgeni rasmi wa mahafali alikataa kuanza hotuba mpaka sauti yake iwe nzito kama ya redioni. Nilimwita mezani, nikamwekea kidole chake mwenyewe kwenye cha ishirini na nne, ambacho kila nilikokwenda nilikiacha bila waya, akasukuma, akasema "Mm, mm, hapo sasa!" akarudi jukwaani mtu mwingine kabisa. Alihutubia mpaka chakula kikapoa. Na wapiga gita, Mungu awasamehe, hajazaliwa bado mpiga gita anayejisikia vya kutosha. Kila mmoja nilimwonyesha kitufe chake maalumu, kila mmoja akaridhika, na kwa wote kilikuwa kilekile.

Miaka yangu ya mwisho niliimalizia katika klabu moja ya Kamwokya, karibu na nyumbani Kyebando. Hapo bosi wangu alikuwa Mkurugenzi, mama mwenye miwani minene na maneno machache, na msaidizi wangu alikuwa binti mmoja, Nakato. Alhamisi zilikuwa za bendi za vijana wanaojitegemea. Hawana kampuni wala meneja. Wanatunga wenyewe, wanabeba ngoma wenyewe kwenye boda boda, na jina la bendi wanalipata kabla ya kupata mpiga besi. Palikuwa na Wajomba Wanne, ambao walikuwa watatu. Palikuwa na Chapati Baridi, wanafunzi wa chuo waliopiga gita kana kwamba limewakosea. Niliwapenda mno. Muziki wa harusi unajua utakwenda wapi; wa vijana hawa hata wenyewe walikuwa hawajui, nami nilitaka kuwapo ukifika.

Shida ni kwamba masikio yangu yalitangulia kustaafu. Daktari alinieleza kwamba sauti nyembamba za juu zimeniaga: ndege, kengele ya baiskeli, na kile kipande cha mwisho cha sauti ya mke wangu anapokasirika. Sasa adui mkubwa wa fundi sauti ni mluzi. Maikrofoni ikisikia spika yake yenyewe, sauti inazunguka inarudi, inazunguka inarudi, mpaka spika inapiga mluzi wa kutoboa kichwa. Fundi huusikia ukianza akauzima kabla wengine hawajajua. Alhamisi moja niliinua macho nikaona ukumbi mzima umeziba masikio kwa mikono, nikadhani vijana wameleta mtindo mpya wa kucheza. Niliendelea kunywa chai.

Mluzi ule ulivuka ukuta ukamwamsha Mwenyekiti wa mtaa. Kesho yake Mkurugenzi akatuita.

"Muzee Swaleh, mimi sina shida na bendi," alisema. "Lakini Chairman amekuja hapa na hasira. Akikuja tena, bendi zinaisha. Tunaweka karaoke."

Karaoke! Nilihisi kama mtu aliyeambiwa nyumba yake itageuzwa banda la kuku. Mkurugenzi akaongeza kwamba amenunua kisanduku cha kisasa cha kufanya kazi ya mikisa, kinachokaa jukwaani na kuendeshwa kwa tableti, na kwamba Nakato amekwisha kujifunza. Nilikataa katakata. Nilimwambia sauti si picha ya kupangusa kwa kidole, na kwamba nimebakiza miezi michache tu nistaafu. Waniache nimalize na mikisa yangu. Kuhusu masikio sikusema kitu. Mkurugenzi alimtazama Nakato, Nakato akatazama sakafu, na tukakubaliana hivyo.

Cha ajabu, mluzi haukurudi. Alhamisi baada ya Alhamisi sauti ilitulia, tena ikawa nzuri kuliko zamani. Nilimwambia mke wangu kwamba daktari yule hajui kazi, au labda mikono yangu ina masikio yake.

Basi ikafika Alhamisi yangu ya mwisho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na badala ya kuwazuia watu iliwasukuma wote ndani, wakajaa mpaka mwenye glasi hana pa kuinulia kiwiko. Nilikuwa na hofu kubwa. Nikikosea usiku ule, mimi nilikuwa nastaafu hata hivyo, lakini bendi zingekufa, na zingekufa mkononi mwangu. Nilijua masikio yangu hayatoshi. Na bado nilitaka niifanye mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Ubishi wa mzee ni kama mbegu za papai, haziishi.

Kwanza tulikosa wa kufungua. Mjini kwetu bendi inayopiga mwisho ndiyo kubwa, kwa hiyo hakuna anayekubali kuwa wa kwanza. Wajomba Wanne walijificha kwa muuza chapati ng'ambo ya barabara wakisingizia mpiga ngoma anaumwa tumbo. Chapati Baridi walikuwa chooni, wote. Nakato ndiye aliyepita kutangaza kwamba kuku wa wasanii ni wachache na watakaotangulia kupiga ndio watakaotangulia kula. Mpiga ngoma alipona palepale.

Walipiga, na ukumbi ukatikisika. Wakaja wale wa chuo, wakakata nyuzi mbili, wakaendelea. Nilisukuma vitufe jasho likinitiririka, taa ndogo za mikisa zikicheza kijani na nyekundu. Nakato alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye nguzo, ameinamia mwanga mikononi mwake.

"Wewe Nakato, acha simu, tuko kazini!" nilimkemea.

"Kale, Muzeeyi," alijibu, yaani sawa mzee, lakini hakuiacha. Nilimkemea tena baadaye. Vijana na simu, nikasema moyoni, watazikwa nazo.

Wa mwisho alikuwa Apio, binti wa kaskazini, na adungu yake. Adungu ni kinubi cha nyuzi, chenye tumbo la mti lililowambwa ngozi. Ni chombo kitamu na ni balaa la fundi, kwa sababu ile ngozi husikia kila kitu kama jirani mbea. Ukiipandisha unywele mmoja zaidi, mluzi. Nilimpa sauti yake kitufe cha ishirini na tatu, adungu cha ishirini na mbili, nikasoma Bismillahi. Alianza polepole. Ukumbi ule wa makelele ukanyamaza, mtu mmoja mmoja, mpaka nikasikia mvua kwenye mabati. Ndipo watu wa mlangoni wakagawanyika, akapita katikati yao mwavuli unaochuruzika, na chini ya mwavuli Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mstaafu. Mtaani huongea Kiganda, lakini akikasirika hukumbuka kambi na kuhamia Kiswahili, kwa hiyo wote wamtambuao hujua saa ya kuogopa.

"Wewe muzee!" alinifokea. "Hii kerere ni ya nini? Watu nataka kurara! Mimi nafunga hii kitu sasa hivi!"

Nyuma yake niliiona miwani ya Mkurugenzi ikinitazama. Nikafanya nilichofundishwa Nakasero.

"Mheshimiwa, umekuja wakati mzuri," nilisema, nikamwachia kiti changu. "Kiongozi ndiye anayejua watu wake wanataka sauti kiasi gani. Kitufe hiki cha mwisho ni cha klabu nzima. Tuongoze wewe."

Alinitazama, akatazama mikisa, akaona taa zote zile zinazowaka. Akaketi. Akafunga mwavuli, akauegemeza kwenye goti langu, akapasha mkono joto. Kisha, badala ya kitufe cha mwisho, akashika cha ishirini na tatu na kukishusha mpaka chini kabisa.

Ndiyo sauti ya Apio ile! Nilingoja ukumbi uzomee. Lakini Apio aliendelea kuimba, sauti ileile, tamu, imejaa mpaka kwenye pembe. Huyu binti, nikasema, ana mapafu ya ng'ombe, hahitaji hata mitambo.

"Sasa ni muzuri," alisema Mwenyekiti, akikunja uso kama mtaalamu. "Unaona? Sasa watu narara."

Alikaa mpaka wimbo wa mwisho, mkono juu ya kitufe. Wakati wa kupiga makofi alitumia mguu. Akaondoka akimwambia Mkurugenzi kwamba akihitajika tena aitwe, na Mkurugenzi akatangaza hapohapo kwamba Alhamisi zinaendelea. Vijana walininyanyua juu juu. Apio alinishukuru akilia, nami nikalia, sina aibu kusema.

Watu walipotoka nilikwenda kukunja waya. Kazi hii inaisha kwa kukunja waya, na mimi nina mkunjo wangu: mzunguko mmoja ndani, mmoja nje, kisha fundo la kitambaa, ili waya usijisokote. Niliinama nyuma ya mikisa kuzichomoa waya mbili kubwa, zile zinazotoa sauti kutoka mezani kwenda kwenye spika. Matundu yalikuwa matupu. Waya zenyewe zilikuwa chini ya meza, zimekunjwa. Mzunguko mmoja ndani, mmoja nje, fundo la kitambaa. Juu ya kitambaa palikuwa na vumbi la wiki nyingi.

Nilikaa pale sakafuni. Taa zilikuwa zimenichezea kwa sababu sauti ziliingia mezani kwangu, ila hazikutoka. Nikakumbuka mluzi uliokoma ghafla. Nikakumbuka ile "simu", na kile kisanduku cha jukwaani. Hasira ilinipanda kwanza, ile ya ujana, ya buibui aliyenenepa. Ikafika kooni ikakutana na kicheko, na kicheko kikashinda.

Nakato alinikuta hapo. Aliona nilichokishika, akapiga magoti kama mabinti wa Buganda wanavyowapigia wakubwa wao.

"Ukumbi ulisikikaje leo?" nilimwuliza.

"Ulikuwa mzuri, Muzeeyi."

"Adungu?"

"Ilitaka kulia mara mbili. Nikaizuia."

"Sikuisikia," nilimwambia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyasema hayo kwa mtu wa kazini. "Waya umezikunja vizuri sana, mwanangu. Inuka twende, sakafu ni baridi."

Siku hizi nimestaafu. Nakato ndiye Fundi Mkuu, na kwa amri yake ile mikisa kuukuu haijaondolewa, na kiti changu kipo. Vijana wanaoanza kazi huniuliza siri ya kudumu. Nawaambia wasikilize sana na wafanye urafiki na mtu mwenye masikio mazima. Lakini hawanielewi, wananitazama vidole.

Alhamisi iliyopita Mwenyekiti alikuja na mwavuli wake bila hata mvua, akasalimia kwa Kiganda kwa sababu hakuwa na hasira, akaketi kando yangu na kudai kitufe chake. Nikampisha. Wajomba Wanne, ambao sasa ni watano, walikuwa jukwaani, ukumbi umefurika, na nyuma yetu kwenye nguzo Nakato ameinamia mwanga wake. Mwenyekiti alisukuma kwa uangalifu mkubwa, akaniinamia sikioni akauliza kama imetosha.

Nikamwambia aongeze kidogo.