Kamera ya Kirusi Siku ya Kupamba

Huku kwetu Likoni, siku ya kupamba bibi harusi, simu haiingii. Mlangoni hukaa mama mmoja asiyecheka, beseni la kufulia liko mbele yake, na kila anayepita anatumbukiza simu yake humo, awe mke wa nani sijui au binti wa nani. Ndani wanawake wamefungua nywele, wamevaa nguo za kung'aa ambazo nyingine zimeanzia kifuani, na hakuna anayetaka kuamka kesho ajikute kwenye simu ya dereva wa tuktuk wa Mishomoroni. Kwa hivyo mpiga picha wa shughuli hizi, miaka nenda miaka rudi, amekuwa shangazi yangu wa Bofu na kamera yake ya Kirusi.

Kamera hiyo marehemu mumewe aliipata alipokuwa akifanya kazi bandarini. Alimpa baharia wa Kirusi kofia mbili za kushona mkono na mkungu wa ndizi, naye akapewa lile dude. Ni chuma kitupu. Ukimpiga nayo mwizi, utafungwa wewe. Haina betri, haina kioo cha kukuonyesha ulichopiga, haina huruma. Filamu shangazi huisafisha mwenyewe stoo kwake, dirisha amelizibia blanketi, na picha zikishakauka huzitia mkononi mwa mwenye shughuli. Hakuna mwanamume anayeziona njiani. Hiyo ndiyo heshima yake mjini, na wallahi anaijua.

Kulenga ndiyo kazi. Unachungulia kitundu cha nyuma, katikati unaona doa la manjano, na ndani ya doa hilo kila kitu kinaonekana mara mbili, kimoja kimesogea pembeni ya mwenzake. Unazungusha lenzi polepole, vinakaribiana. Vikilaliana vikawa kimoja, bonyeza, picha itatoka safi. Visipolaliana, umepiga ukungu.

Mwaka jana ukungu ukaanza. Bibi harusi mmoja wa Timbwani alitoka pichani kama ametazamwa kupitia maji ya wali, na mama yake akatangaza kila nyumba kuwa afadhali wangemchora. Kisha ikafika zamu ya binti wa shangazi mwenyewe, kitinda mimba wake na binti wa pekee, aliyekuwa akiolewa na kuchukuliwa Maskati. Upande wa bwana harusi wakatuma mjumbe, kwa adabu zote, ati wanaye msichana mwenye kamera ya kisasa, shangazi apumzike.

Apumzike! Kipya kinyemi ingawa kidonda. Shangazi akajibu kwamba binti alimzaa mwenyewe na picha atampiga mwenyewe, na hiyo kamera ya kisasa ikifika mlangoni itaingia beseni pamoja na simu. Mjumbe akaaga. Alipokwisha kutoka, shangazi akanishika mkono.

"Mwanangu," akaniambia, "hii nikiiharibu sina nyingine. Huyu anaondoka."

Basi nikaichukua kamera. Mimi si fundi. Nauza vitambaa Kisauni na najua cherehani, basi. Lakini nina bisbisi ya miwani na nina kiburi, na kwa hivyo viwili nimeshaharibu vitu vingi. Nikapekua kwenye simu, nikaambiwa kuna skrubu ndogo kwa mbele, imejificha chini ya kifuniko, na hiyo ndiyo inayosogeza kile kivuli cha pili. Unaizungusha lenzi hadi mwisho wa mbali, unatazama kitu kilicho mbali sana. Kikionekana kimoja, kamera ni mkweli. Kikionekana viwili, ni mwongo, mkaze.

Sasa Likoni kitu cha mbali ni ng'ambo ya maji. Nikashuka Timbwani, karibu na kivuko, nikaelekeza kamera kwenye kreni za bandarini. Sijakaa sawa, akanijia askari wa ulinzi, kijana wa bara.

"Mathe, huku hakupigwi mapicha."

"Salamu kwanza," nikamwambia.

"Habari. Huku hakupigwi mapicha."

"Sipigi picha. Nakaza skrubu."

Akaichukua, akachungulia, akaikunjia uso. "Mbona hizi kreni ziko mbili mbili?"

"Ndiyo hilo nililokuja kulitengeneza."

Alinitazama kwa muda kama anayewaza aite gari au aite mganga. Mwishowe akanirudishia kamera na kuniambia kreni za serikali nisizitengeneze, nikatengeneze vya kwangu nyumbani.

Nikapanda juu ya dari ya nyumba ya shangazi. Kule nilichokiona cha mbali, kilichosimama wima, ni mnara wa msikiti. Nikachungulia. Astaghfirullah! Minara ilikuwa miwili, na wa pili umesogea pembeni, halafu umeinuka juu ya mwenzake kidogo. Nikagusa skrubu, mnara ukakimbilia kushoto. Nikarudisha, ukakimbilia kulia. Niliwatukana Warusi wote, wazima na waliotangulia, kisha nikakumbuka ninautazama msikiti nikaomba toba, kisha skrubu ikateleza nikawatukana tena. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyusi. Hatimaye mnara ukaingia ndani ya mwenzake. Ile tofauti ya kimo iliyobaki nikaiondoa kwa kuzungusha kioo kidogo cha duara kilicho mbele, na mnara ukawa mmoja, umetulia. Nikashuka chini, nikapima mita moja kwa futi yangu ya cherehani hadi kwenye birika la chai, nikalenga. Birika moja. Lenzi nayo ilisoma mita moja. Nilijipigia vigelegele mwenyewe.

Nikampelekea shangazi chumbani. Akavua miwani, maana kitundu kile kina pete ya chuma inayokwaruza vioo, akaweka jicho.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Ukungu ule ule."

Nikamnyang'anya, nikatazama. Safi! Nikamrudishia. Ukungu. Nikatazama tena, safi. Hapo nikaanza kumpandishia sauti, Mungu anisamehe, nikamwambia pengine anailenga kwa kisogo. Mwenye macho haambiwi tazama, nikamwambia hivyo hivyo, mdomo wangu hauna breki.

Alikaa kitandani, kamera mapajani, akiipangusa kwa ncha ya leso ingawa haikuwa na vumbi.

"Basi ni mimi," akasema. "Mwite huyo msichana wao."

Iliniuma. Shangazi yangu hajapata kumwita mtu amsaidie hata siku alipovunjika mguu. Nikaipakata kamera nikaanza kuigeuza geuza, nikitafuta la kusema tu, na chini ya kile kirungu cha kurudishia filamu nikaona kijino kidogo cha chuma. Kilikuwa chekundu. Kilikuwa kimegandishwa kwa rangi ya kucha.

"Hiki nini?"

"Usikiguse! Nilikibandika mwenyewe. Mtoto alikuwa akikichezea, picha zinaharibika."

"Ulikibandika lini?"

Akafikiri. "Mkubwa wangu alikuwa anatambaa."

Huyo mkubwa wake leo ana mvi. Kile kijino, kumbe, ni miwani ya kamera. Unakisogeza kulingana na jicho lako mpaka kitundu kikuonyeshe sawasawa, na shangazi alikuwa amekifunga kwenye jicho la msichana aliyekuwa hata ishirini na tano hajafika. Miaka yote hiyo jicho lilikuwa likizeeka peke yake, kamera imekataa kulifuata. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikaleta dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikachokoa kwa kijiti cha meno hadi kijino kikalegea, nikamwambia achungulie huku nikikisogeza.

"Lo!" akasema. Akaielekeza usoni kwangu. "Lo, mwanangu! Kumbe umezeeka hivi?"

Siku ya kupamba, bibi harusi aliketi juu, hina hadi viwiko, asumini kichwani, macho chini kama ilivyo ada. Shangazi akajisogezea kigoda mbele yake, akavua miwani, akanipa nimshikie, akainua kamera. Akakaa. Akakaa zaidi. Upande wa bwana harusi mtu akakohoa, na mwingine akamsaidia kukohoa.

Nikainama sikioni kwake. "Shangazi, imegoma?"

"Haijagoma."

"Wamuona?"

"Namuona vizuri sana."

"Basi zungusha lenzi, wakae mmoja."

"Kazi yangu naijua." Kidole chake kilikuwa juu ya lenzi na hakikusogea. Kisha akasema polepole, jicho bado kwenye kitundu, "Hapa ninao wawili. Nikizungusha atabaki mmoja, na huyo mmoja ana mwenyewe."

Nikainuka. Niliwageukia wale wakohozi, nikawaambia hii kamera ni ya Kirusi na ina taratibu zake, anayeona inachelewa sharbati iko kule nyuma, akanywe. Shangazi alikuwa bado hajazungusha.